Karatasi Isiyosomeka: Je, Ni Kosa kwa Jirani?

  Safari hii hatuzungumzi habari za mgawo wala za mahojiano ya kuhamishiwa ng'ambo, ingawa tunajua ndizo zinazoulizwa kila mlangoni. Tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo wengine watalicheka: sura ya karatasi za nota zinazotoka kwenye kompyuta, hasa zile anazowekewa mpiga piano au kinanda mbele ya macho yake Jumapili asubuhi.

Swali lilianzishwa na mzee mmoja wa kanisa, tena kwa upole. Alisema: "Watu hapa Kampala wanatafuta kodi ya nyumba, watoto wanarudishwa kutoka shule kwa sababu ya ada, na ninyi mnakesha mkisogeza nota moja kidogo kushoto, nyingine kidogo kulia. Wimbo si uleule? Je, hiyo siyo anasa?" Ni swali la haki, na halijibiwi kwa kusema tu kwamba Mungu anapenda vitu vizuri. Anapenda pia watoto waende shule.

Basi tueleze kwanza kazi yenyewe, maana wengi huiona karatasi ikiwa imekwisha kutoka, wala hawajui ilikopita.

Katika makanisa yetu ya wakimbizi, kuanzia Katwe hadi Nsambya na Makindye, nyimba nyingi zilifika zikiwa vichwani mwa watu. Mama mmoja alitoka Kivu na wimbo, kijana mwingine alitoka Bujumbura na wimbo, nao ndugu wa Sudani Kusini wana zao. Mtu anaimba, mwenye kinanda anatafuta sauti zinazofuatana nao, kijana mwenye kompyuta anaziingiza kwenye programu ya nota, mara nyingi MuseScore kwa sababu inapatikana bure. Kisha karatasi inachapwa, pengine Nasser Road kwenye maduka yale ya uchapaji, au inatumwa kwenye simu tu. Mwisho inasafiri kwa basi au kwa WhatsApp hadi kwa ndugu zetu walioko Nakivale, Kyaka II na Rwamwanja. Huko inawekwa mbele ya mtu ambaye hakuwepo wakati wimbo ulipokuwa ukiandikwa. Hana wa kumwuliza. Ana karatasi tu.

Tunaomba msomaji amshike huyo mtu moyoni, kwa sababu hoja yetu yote inamhusu yeye.

Kabla ya kompyuta, kazi hii ilikuwa ya mafundi. Muziki wa sauti nyingi wa kupangwa kwa herufi za chuma ulianza kuchapwa Venice na Ottaviano Petrucci mwaka 1501. Baadaye zikaja karne za kuchonga nota juu ya mabamba ya madini laini, na mji wa Leipzig, Ujerumani, ukajulikana sana kwa kazi hiyo. Fundi alivuta mistari mitano kwa chombo chenye meno matano, kisha akagonga kila alama kwa nyundo na muhuri wake wa chuma, tena kinyumenyume, kama mtu anayeandika ili isomwe kwenye kioo. Akikosea, alilipindua bamba, akaligonga kwa nyuma mpaka lisawazike, akaanza tena mahali pale. Fundi wa namna hii alijifunza kwa miaka kabla ya kuaminiwa na ukurasa mzima.

Walijifunza nini miaka yote hiyo? Zaidi ya yote, walijifunza nafasi. Nota ya mapigo mawili haipewi nafasi mara mbili ya nota ya pigo moja. Hupewa zaidi kiasi, karibu mara moja na nusu. Ukiipa mara mbili kamili, nota ndefu zinaachwa peke yake kama nyumba za porini na zile fupi zinabanana. Tena kuna jambo la ajabu zaidi: nota ambayo kijiti chake kinapanda juu ikifuatwa na ile ambayo kijiti chake kinashuka chini, vijiti viwili hivyo vinakaribiana, na jicho linaona msongamano hata kama rula inasema nafasi ni sawa. Fundi aliyajua hayo kwa mkono wake. Alizitenganisha kidogo, kinyume cha rula, ili macho yaone usawa. Sisi tunaona hapo kuna fundisho kubwa kuliko muziki, lakini tuendelee.

Kompyuta ilipoingia, mambo yalikwenda kwa kasi. Programu ya Finale ilitoka mwaka 1988, Sibelius ya ndugu wawili mapacha wa Uingereza ikafuata mwaka 1993, na mwaka 1996 Waholanzi wawili, Han-Wen Nienhuys na Jan Nieuwenhuizen, walianza kutengeneza LilyPond. Hao wawili hawakuridhika na walichokuwa wakikiona. Walilinganisha matoleo mawili ya muziki uleule wa Bach kwa selo peke yake: moja lilichongwa kwa mkono na kutolewa mwaka 1950, jingine lilifanywa kwa kompyuta mwaka 2000. Nota zilikuwa zilezile. Lakini katika lile la kompyuta kila kipimo kilikuwa na upana uleule, mistari yote ilikatika mahali palepale, na nota zikawa zimekaa moja chini ya nyingine kama askari wa gwaride. Matokeo yake, mpigaji akiinua macho na kuyarudisha, hajui alikuwa mstari wa tatu au wa nne. Katika lile la mkono mistari haifanani, kwa hiyo kila mstari una sura yake na jicho linaukumbuka.

Mpigaji wa kanisa huinua macho mara ngapi? Mara nyingi mno. Anamwangalia mwalimu wa kwaya, anamwangalia mchungaji kama amesimama, anaangalia kama mtoto amegusa waya wa kipaza sauti. Kila anaporudi kwenye karatasi inambidi apate mahali pake kwa kufumba na kufumbua. Asipopata, mkono wa kushoto unasimama, soprano wanasitasita, na kanisa lote linajua kuna kitu. Watasema mpigaji hajui. Mara nyingi anajua sana. Aliyepanga ukurasa ndiye hakumfikiria.

Hapo ndipo tunaliona swali la maadili, wala halijifichi mbali. Mtu mmoja ameketi Kampala na kompyuta, na baada ya nusu saa anaweza kusema kazi imekwisha, kwa sababu nota zote zimo na kompyuta ikizipiga wimbo unasikika sawa. Au anaweza kukaa saa mbili zaidi. Hizo saa mbili hazimwongezei yeye chochote, maana wimbo anaujua tayari. Zinamwondolea mtu mwingine taabu, mtu asiyemwona na ambaye hatamshukuru, kwa kuwa mpangilio mzuri hauonekani: msomaji anasoma tu, anapita. Mpangilio mbaya ndio unaoonekana. Kazi ambayo ikifanyika vema haijulikani kuwa ilifanyika, je, ni wajibu au ni hiari ya mwenye muda?

Sisi tunasema ni wajibu, na sababu yetu ni hii. Taabu ya kuelewa wimbo haipotei. Ipo, na lazima mtu aibebe. Asipoibeba mwandishi mara moja, ataibeba kila msomaji, kila Jumapili, tena mbele za watu. Mtu anayejiokolea saa mbili kwa kuwatwika wengine arobaini dakika kumi kumi, tena wengine ambao ni dhaifu kuliko yeye, hajaokoa kitu. Amehamisha mzigo tu. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho juu ya filimbi na kinubi visivyotofautisha sauti, kwamba hakuna atakayejua kinachopigwa (1 Wakorintho 14:7). Alikuwa akisema juu ya lugha, lakini alichukua mfano wake kwenye vyombo vya muziki, wala hatuoni vibaya kuurudisha mfano huo nyumbani kwake. Naye Habakuki aliagizwa kuandika kwa namna ya wazi ili msomaji asikwame (Habakuki 2:2). Agizo la kuandika lilikuja pamoja na agizo la jinsi ya kuandika.

Kuna udhuru mmoja tunausikia sana siku hizi: "Ni kompyuta iliyofanya hivyo." Tuuchunguze.

Kijana anaunganisha kinanda na kompyuta, mpigaji anapiga, na kompyuta inaandika kila inachosikia. Inaandika kweli. Mpigaji akichelewa kidogo kuinua kidole, inaandika pumziko dogo la ajabu na nota mbili zilizofungwa kwa upinde. Akitangulia kidogo, inaandika nota fupi yenye mikia mitatu. Wimbo mwepesi ambao watoto wa shule ya Jumapili wanauimba unatoka kwenye karatasi kama msitu. Na yule kijana anasema, "Lakini ndivyo ilivyopigwa." Ni kweli ndivyo ilivyopigwa. Sivyo ilivyokusudiwa. Mwandishi wa kikao cha kanisa naye haandiki kila mtu alipokohoa, na hakuna anayesema amedanganya. Kompyuta haiwezi kujua kusudi. Kazi ya kujua kusudi ilibaki mikononi mwa mtu tangu mwanzo, naye hawezi kumkabidhi mwingine asiye na moyo halafu amlaumu.

Vivyo hivyo na tahajia ya nota. Kwenye piano kitufe kimoja cheusi kina majina mawili: ni la flati, tena ni sol shapu, au bemoli na diezi kama wanavyosema ndugu zetu waliosoma Kifaransa. Sauti ni moja. Kompyuta, isipoelekezwa vizuri, huchagua jina lolote. Basi mpigaji anakutana na shapu katikati ya wimbo wenye flati nne, anashtuka, kidole kinakwenda kwingine. Waliosoma Kongo wataelewa upesi tukisema ni kama kuandika "mer" mahali pa "mère": ukisoma kwa sauti hakuna tofauti, lakini anayesoma kwa macho amepelekwa baharini badala ya kwa mama yake.

Na kuna lugha yetu wenyewe. Programu hizi zilitengenezwa na watu wasiojua Kiswahili, nazo zikiachiwa kukata maneno chini ya nota zitakata kwa desturi za kwao. Tumeona karatasi zimeandika "u-pen-do" na "Mung-u". Silabi ya Kiswahili hupenda kuishia kwenye irabu: ni u-pe-ndo, ni Mu-ngu. Msidhani ni jambo la walimu wa sarufi tu. Mwimbaji anaimba anachokiona. Akiona "pen" anafunga mdomo kwenye n mapema, sauti inakufa kabla ya nota kwisha, na watu thelathini wakifanya hivyo pamoja wimbo unasikika kama umeimbwa na wageni. Halafu kuna ile m ya "m-tu" na "m-to-to", ambayo ni silabi kamili ingawa haina irabu. Inahitaji nota yake, au mwandishi aamue waziwazi kuiunganisha na silabi iliyotangulia. Kompyuta haitakukumbusha. Sisi tuliopoteza mashamba, nyumba na vyeti, lugha tumebaki nayo. Tusiiache ikatwekatwe na mashine kwa kuwa tulikuwa na haraka.

Wapo wanaotupinga kutoka upande mwingine kabisa, nao tunawaheshimu. Wanasema: nyimba zetu hazikuhitaji karatasi tangu mababu, na uzuri wake ulikuwa kuimbwa bila kusoma. Wanatukumbusha Missa Luba, ile misa ya kwaya ya Kamina, Katanga, iliyorekodiwa mwaka 1958 chini ya Padre Guido Haazen. Kwa sehemu kubwa ilikua vinywani mwa waimbaji wakibuni pamoja, na karatasi zilikuja baadaye. Ni kweli. Kwaya inayokaa pamoja miaka kumi haihitaji sana karatasi. Lakini tujiulize: kwetu ni kwaya ipi inayokaa pamoja miaka kumi? Mpigaji wetu wa leo mwezi ujao yuko Kanada. Sauti ya tatu imehamia Kyangwali kwa sababu maisha ya mjini yameshindikana. Mama aliyeujua ubeti wa nne ametangulia mbele za haki. Wimbo wa mdomo unaishi kwa watu kukaa karibu, nasi hatukupewa kukaa karibu. Kwa watu waliotawanyika, karatasi inafanya kazi ya jirani aliyeondoka, nayo ikiwa haisomeki, ni kama jirani aliondoka bila kusema ufunguo ameuweka wapi.

Tuseme pia kwamba watu wa huku wameandika muziki wao kwa nota tangu zamani. Joseph Kyagambiddwa wa Uganda alitunga oratorio kubwa ya Mashahidi wa Uganda mwaka 1964, mwaka uleule Papa Paulo VI alipowatangaza watakatifu. Kwa Tanzania na Kenya, watunzi Wakatoliki wa Kiswahili wameweka nyimba zao nyingi kwenye hazina ya mtandaoni iitwayo Swahili Music Notes, ambako mwalimu wa kwaya yeyote anaweza kuchukua. Humo kuna karatasi zilizopangwa kwa upendo na nyingine zilizopangwa kwa haraka, na mwalimu yeyote aliyezitumia anazitofautisha kabla hajasoma jina la mtunzi.

Turudi kwa mzee wetu na neno lake la anasa, maana kuna mahali alisema kweli tupu. Ipo anasa katika kazi hii. Kuna karatasi yenye maua pembeni, misalaba minne kwenye pembe, jina la wimbo kwa herufi za kupinda zinazomeremeta, na picha ya njiwa nyuma ya nota. Nota zenyewe zimebanwa katikati kama abiria wa matatu. Hiyo ni kazi ya kumfurahisha aliyeitengeneza. Uzuri tunaoutetea sisi ni wa namna nyingine. Mavazi ya Haruni yalifanywa kwa utukufu na uzuri, ndiyo, lakini hata pindo lake lilikuwa na njuga zilizosikika alipoingia mahali patakatifu, na sauti ile ilikuwa na kazi yake. Tunaupima uzuri wa ukurasa kwa swali moja: ukiondolewa, nani anaumia? Ukiondoa njiwa, hakuna. Ukiondoa nafasi kati ya nota ya alto na ya soprano zinazogongana, anaumia mpigaji.

Mzee aliuliza pia gharama, na hapo lazima tuwe wakweli. Mistari mitano ya piano inafaa iwe na kimo cha milimita 7 hivi. Ukiibana mpaka milimita 5, wimbo wa kurasa mbili unaingia kwenye moja, na kwa kutoa nakala shilingi mia moja au mia mbili kila ukurasa, kwaya ya watu arobaini inaokoa fedha za unga. Nani atasema hilo si kitu? Lakini tuangalie nani analipia akiba hiyo. Kijana mwenye macho mazuri, chini ya taa ya umeme, hasumbuki. Mama mwenye umri wa miaka sitini, asiye na miwani, anayefanya mazoezi jioni Nakivale kwa taa ya sola, ndiye anayelipa. Tumeona ni vema wanakwaya wapewe karatasi za maneno tu, zenye herufi kubwa, na nota kamili zichapwe kwa mpigaji na viongozi wa sauti. Gharama inashuka bila kumfumba mtu macho. Siyo kila anasa inayoonekana ni anasa, wala siyo kila akiba ni akiba.

Na hizo zinazotumwa kwa simu, tunasihi zitumwe kama faili la PDF, siyo picha. Picha inapopita WhatsApp inapunguzwa, na ukiikuza flati inageuka doa na nukta inayorefusha nota inatoweka kabisa. Mpigaji hawezi kusoma kisichokuwapo.

Kuna msomaji mwingine ambaye Kampala imetufundisha kumfikiria. Aliyesoma muziki kwa Kifaransa, "do" kwake ni kitufe kilekile siku zote. Aliyelelewa na tonika solfa, ile iliyoanzishwa na Bibi Sarah Glover wa Norwich na kuenezwa na Mchungaji John Curwen katika karne ya 19, "do" yake inahama kulingana na wimbo. Wote wawili wako katika kwaya moja, na mwalimu akisema "anzeni na do" wanaanza mahali pawili, kila mmoja akiwa na haki. (Mtu akitaka kuona Wakristo wapole wakikasirika, aje siku hiyo.) Kwa hiyo karatasi yenye nota na mstari wa herufi za solfa juu yake, iliyoandikwa wazi mwanzoni kwamba do ni ipi, inapatanisha watu. Inachukua muda mrefu kuiandaa, na kila upande unaona nusu yake haina maana.

Pia tuwafikirie watakaorithi mafaili. Mwezi Agosti 2024 kampuni iliyokuwa na Finale ilitangaza kuwa haitaiendeleza tena, baada ya miaka 35 na zaidi. Watu walioweka kazi ya maisha yao humo walibaki wakitafuta njia ya kutoka. Sisi tunajua maana ya kutafuta njia ya kutoka usiku. Ipo namna ya kuhifadhi iitwayo MusicXML, ambayo programu nyingi tofauti zinaweza kuifungua. Kila wimbo unaokamilika uwekwe pia kwa namna hiyo, hata kama leo hatuoni haja. Walioitengeneza MuseScore wameonyesha heshima ya aina hiyo kwa waliowatangulia: mwandiko wao wa nota, uliotolewa mwaka 2021, wameuita Leland, kwa kumkumbuka Leland Smith wa Stanford, Marekani, aliyetengeneza moja ya programu za kwanza kabisa za kuchonga nota kwa kompyuta.

Tumeacha mwisho jambo linalotusumbua kuliko yote, na hatujakubaliana sisi kwa sisi.

Karatasi safi ina jaribu lake. Mtu akishazoea vipimo vilivyo sawa, mapigo manne, mapigo manne, anaanza kutaka wimbo wenyewe uwe hivyo. Upo wimbo wa maombolezo tunaouimba misibani, ambao mama anayeuanzisha hushikilia neno la pili kadiri anavyojisikia. Siku nyingine mapigo matatu, siku nyingine karibu sita, kwa kadiri ya msiba wenyewe. Ukiuandika kwa mapigo manne karatasi inapendeza sana, mpigaji anafurahi, watoto wanaujifunza kwa siku moja. Lakini baada ya miaka mitano watoto hao watasema mama anakosea. Ukiuandika jinsi anavyoimba leo, unarudi kwenye ule msitu, na kesho ataimba vingine. Katika hili usomekaji na ukweli vinavutana, na hoja yetu ya kumhurumia msomaji haitoshi, kwa sababu kuna mwingine wa kuhurumiwa, naye ni mwenye wimbo.

Wengine wetu wanasema tumfuate msomaji, kwa kuwa mama hasomi nota, hazitamdhuru. Wengine wanasema hilo ndilo linalofanya iwe dhuluma zaidi: kumbadilishia mtu wimbo wake katika maandishi asiyoweza kuyakagua. Sisi tunaoandika makala hii tunaelekea upande wa pili. Tena mafundi wa zamani hawakukosa njia. Mistari ya wima inaweza kuachwa kabisa mahali pale, nota ikaandikwa ndefu bila hesabu, juu yake ikawekwa alama ya kushikilia, na maneno machache ya Kiswahili yakaandikwa kwa mpigaji: "Ngoja mama ashuke." Programu inakataa kidogo, maana inataka kila kipimo kijae. Inabidi kuificha mistari mmoja mmoja kwa mkono. Ni kazi ya jioni nzima kwa neno moja.

Kwa sasa wimbo huo una karatasi mbili, moja yenye mapigo manne kwa ajili ya watoto wanaoanza, na moja iliyoachwa wazi. Zote zimeandikwa juu kwamba nyingine ipo. Mpigaji wa Nakivale aliletewa zote mbili wiki iliyopita, naye ameomba nakala nyingine ya ile ya wazi, ila amesema herufi za "Ngoja mama ashuke" ziongezwe ukubwa.